Kinu na Tone

Maabara yetu ipo Pongwe, nyuma ya karakana ya magari.
Vumbi la machimbo huingia bila hodi,
huketi juu ya mizani kabla sijapima kitu.
Kila asubuhi nalifuta kwa kipande cha kanga,
nabonyeza sifuri, nasubiri namba zitulie.

Mbelwa na mimi tunatafuta kitu kimoja:
chembe ya chokaa ndogo kiasi kwamba
ukiupasua unywele wangu mmoja mara elfu,
upana wa kipande kimoja ndio kimo chake.
Wenye viwanda vya rangi wanaitaka. Njia ndiyo imetugawa.

Yeye huanzia juu.
Jiwe la machimbo, nyundo, kisha kinu cha chuma
chenye gololi mia mbili tumboni.
Akiwasha, meza zote hutetemeka,
chai yangu huchora miduara kikombeni.
Saa ishirini. Saa arobaini.
Umeme ukikatika hukunja mikono
kama mtu aliyefiwa.

Mimi naanzia chini, pasipo na kitu.
Naloweka chokaa, nachuja maji hadi yang'ae,
napuliza hewa ya ukaa kwa mrija, kiputo kwa kiputo.
Maji yanapauka, nami nabana pumzi:
nikichelewa dakika moja chembe zinajuana,
zinakuwa ukoo, zinakuwa kijiji,
zinakuwa mashapo mazito
ya kuchorea mistari ya uwanja wa mpira.

Juzi nilikuta ubao umeandikwa:

*Jiwe halina ujanja, mbele ya chuma na kani,*
*Nalisaga nikivunja, hadi nilitie soni,*
*Wewe kwa maji waonja, umepata gramu gani?*
*Mwenzio nina kiwanja, wewe kijiko mezani.*

Sikufuta. Nilitafuta chaki, nikamjibu chini yake:

*Kinu chako chatapika, kutu, moshi na mafuta,*
*Chembe zimevurugika, hizi kope, hizi kuta,*
*Tone langu likishika, pacha tupu nitapata,*
*Kijiko kikipimika, gunia lako lajuta.*

Darubini ya kuziona iko Dar es Salaam.
Tukazituma kwa basi, chupa mbili ndani ya soksi.
Wiki tatu. Picha zikaja kwenye simu yake.
Za Mbelwa: vigae, kama sahani iliyodondoka,
na madoa ya chuma cha gololi zake mwenyewe.
Za kwangu: vijisanduku, kila pembe imenyooka,
nikataka kupiga kigelegele,
ila nilipozikausha jokoni zilikuwa zimekumbatiana,
vichuguu, hakuna hata moja iliyosimama peke yake.
Mbelwa hakucheka. Alisema tu,
"Nipe hivyo vichuguu, dakika kumi kinuni."
Sijampa bado.

Maana kuna jambo limeninyima usingizi.
Chokaa ninayoloweka, nikisema naanzia pasipo kitu,
imetoka tanuri la Bi Mwanaidi kule Kiomoni,
na kabla ya tanuri kuna kijana na nyundo
ambaye sijawahi kumuuliza jina.
Nalo jiwe la Mbelwa, hilo analolitia soni,
lilijijenga kwenye bahari isiyokuwa na pwani hii,
punje ikashuka juu ya punje, bila umeme, bila mrija,
bila mtu wa kubana pumzi.
Amesaga njia yangu miaka yote.
Nami nimeyeyusha yake.

Kwenye daftari nimechora safu mbili:
muda, gharama, usafi, kimo.
Safu ya gharama ya Mbelwa ina bili ya umeme.
Ya kwangu nimeiacha wazi, kwa ajili ya yule kijana.

Leo asubuhi sikulifuta vumbi.
Sikubonyeza sifuri.
Nilisubiri tu namba zitulie:
gramu sifuri nukta sifuri sifuri tatu,
ya chembe ambazo hakuna kati yetu
aliyezitengeneza.
Nikaandika. Mbelwa akawasha kinu,
namba zikaanza kucheza.